Malta mwezi wa kwanza: jua lipo nje, baridi ipo chumbani

Niwaambie mapema kabla hamjakata tiketi, nguo nzito kuliko zote nilizobeba nilizivaa kitandani. Mchana natembea na tisheti, usiku nalala na soksi jozi mbili na lile lile koti la Leipzig, hiyo ndo Malta ya Januari.

Nasoma Leipzig, Ujerumani, na ikifika katikati ya mwezi wa kwanza jua la kule linakuwa kama ndugu aliyehamia nje, unasikia tu habari zake. Mi na mshkaji wangu tukaamua kuchoma akiba, siku sita. Tiketi za ndege msimu huo ni bei ya kutupwa ila kwenye begi ndo wanakukamata, langu lilizidi kile kipimo cha pale mlangoni kwa vidole viwili nikalipishwa hela inayokaribia tiketi yenyewe, kwahiyo usijidanganye eti litabanika. Viza haisumbui kama una kibali cha makazi cha nchi ya Schengen (zile nchi za Ulaya zenye viza moja), Malta nayo imo, beba paspoti na kadi vyote viwili. Hela ni euro.

Sasa hosteli. Tulifikia mji wa Sliema, nyumba ya zamani ya mawe ya chokaa, kuta nene, dari iko juu huko, chini vigae. Kwa picha ni pazuri sana. Tatizo nyumba za namna hii zimejengwa kukimbia joto la kiangazi, mambo ya hita hayakufikiriwa, na kisiwa kina unyevu balaa. Taulo nililoanika Jumatatu, Jumatano unalikamua. Kiyoyozi cha kuleta joto kinawashwa saa mbili usiku kinazimwa saa tano, nikaenda mapokezi kulalamika, yule dada akaniangalia kwa huruma kabisa akasema, "Kaka, ukisikia baridi toka nje." Nikajua ananitania. Nikatoka, na kweli nje kulikuwa na nafuu!

Mliosoma Matendo ya Mitume mnakumbuka Paulo alivunjikiwa na meli hapa hapa Malta, sura ya 28, wenyeji wakawawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi, akakaa miezi mitatu. Yeye kawashiwa bure, mi nimelipa na sikuwashiwa. Haya, tusiwaonee, jiko lao safi, mashuka safi, soketi ni za matundu matatu kama za nyumbani, chaja yangu niliyotoka nayo Bongo ikaingia bila adapta nikafurahi kama mtoto (Waingereza walitawala hapo mpaka 1964, ndo maana hata magari yanapita kushoto). Nyota tatu kwa tano. Ingekuwa mwezi wa nne ningewapa nne.

Ila jua lenyewe, aisee. Nyuzi 15, 16 hivi, sio la kuogelea, bahari tuliiingiza miguu tukapiga kelele tukatoka. Ni jua la kukaa. Panda bustani za Upper Barrakka pale Valletta, mji mkuu, tafuta benchi lenye ukuta nyuma, mawe yakishapata joto yanakukanda mgongo, chini yako bandari yote na miji mitatu ya ng'ambo, na saa sita kamili mzinga unapigwa. Najua unapigwa, nimesoma unapigwa, na bado nilimwaga kahawa.

Siku mbili zilinyesha na upepo juu. Siku ya kwanza ya mvua tukaingia kanisa kuu la Mtakatifu Yohana, wanafunzi wana bei yao beba kitambulisho, nje limekaa kama ngome, ndani dhahabu mpaka unachoka. Mle ndo kuna mchoro wa Caravaggio wa 1608, Yohana Mbatizaji anakatwa kichwa, mkubwa umejaza ukuta, na jina la mchoraji limeandikwa kwa ile damu inayotoka shingoni. Ni mchoro pekee aliowahi kusaini. Nilikaa pale mpaka mshkaji akaenda kununua chakula akarudi. Siku ya pili ya mvua tukataka Hypogeum, yale makaburi yaliyochongwa chini ya ardhi zaidi ya miaka 5000 iliyopita, tukachekwa kwa upole, wanaingia watu 80 tu kwa siku, na watu wanakata wiki nyingi kabla. Kosa letu hilo.

Chakula cha mwanafunzi ni pastizzi, andazi la ngozi ngozi lenye umbo la mtumbwi, la jibini laini au la njegere, mawili na chai ya maziwa ya kopo kwenye glasi umemaliza asubuhi kwa hela ndogo sana. Na hapo ndo kilinikuta kitu ambacho hakuna aliyeniambia. Mama wa dukani alikuwa anamhesabia mteja, sitta, sebgħa, nikageuka! Kimalta kina asili ya Kiarabu ila kinaandikwa kwa herufi zetu hizi, kwahiyo mia ni mija, elfu ni elf, bahari ni baħar, dunia ni dinja, Alhamisi ni il-Ħamis, na Ijumaa, kwenye nchi ya Wakatoliki watupu, ni il-Ġimgħa. Nikamwambia mama hata sisi tunasema sita, akasema haiwezekani, ikabidi nimhesabie mpaka kumi. Kwenye tano na nane akatikisa kichwa, kwenye tisa (wao disgħa) akaniongezea pastizzi moja la njegere. Huyo nyota tano.

Gozo, kisiwa kingine cha Malta, msiiruke. Pantoni kutoka Ċirkewwa ni dakika 25 hivi na kwenda hulipi, unalipa ukirudi, kwahiyo kinadharia ukibaki huko ni bure. Baridi ndo msimu wake maana kisiwa chote kijani, maua ya njano yamefunika mashamba, wenyewe wanayaita nyasi za Kiingereza wakati asili yake ni Afrika Kusini. Ile tao maarufu ya mwambani, Azure Window, usiitafute, ilianguka baharini Machi 2017, kuna mtu kwenye basi alikuwa bado anaiulizia.

Kama unataka kuogelea na madisko ngoja kiangazi. Kama unataka jua tu na mfuko wako umetoboka, nenda Januari, lipa ziada upate chumba chenye hita yake, na uliza hilo swali kabla ya kulipa.

Taulo lilikuja kukauka Leipzig.