Tangi la samaki la plaiwudi kutoka kwa mafundi wa vyombo wa Nungwi

Anayetaka tangi kubwa la samaki hapa Unguja ana njia mbili: ama aagize tangi la vioo vitupu kutoka Dar es Salaam na kuomba lishuke zima bandarini Malindi, ama alijenge hapa hapa kwa plaiwudi na kuweka kioo upande wa mbele tu. Mimi nilichagua njia ya pili, na kazi yenyewe sikumpa seremala wa samani bali karakana moja ya vyombo vya baharini huko Nungwi. Sasa kwa kuwa tangi limekaa na maji kusi nzima, ninaweza kusema bila kusita kwamba katika kazi ya mbao na ya kuzuia maji mafundi hawa ni hodari mno, ila kazi ya kioo ni bora apewe mtu mwingine.

Tangi limejengwa kwa plaiwudi ya milimita 18, na urefu wake ni wa ubao mzima, yaani sentimita 244. Kina cha maji ni sentimita 60, na yanaingia takriban lita 1,000, ambayo ni tani moja kabla ya kuhesabu mbao, mchanga na mawe. Msukumo wa maji hutegemea kina na si urefu wa chombo. Kwa kina hicho, ukuta wa mbele mzima husukumwa kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 400, usiku na mchana, bila kupumzika. Seremala wa makabati amezoea kuwaza uzito unaokaa juu ya rafu, ilhali fundi wa mashua tangu utotoni anawaza maji yanayotafuta upenyo. Tofauti hiyo niliiona mapema, pale fundi mkuu alipokataa kukata chochote mpaka achemshe vipande vya plaiwudi ndani ya sufuria kwa muda wa saa moja. Kila ubao dukani huitwa wa baharini, yaani wa kustahimili maji, kwa hiyo jina pekee halitoshi. Kipande cha duka la kwanza kilifumuka tabaka kwa tabaka, na cha duka la pili kikatoka kama kilivyoingia. Tukanunua kwa huyo wa pili.

Jambo lililonifurahisha zaidi ni namna walivyotengeneza matundu ya mabomba. Ukitoboa plaiwudi unaacha ukingo mbichi, na maji yakishaufikia ukingo huo hutambaa ndani ya mbao hata kama uso wote umepakwa vizuri. Fundi alitoboa tundu kubwa kuliko bomba, akalijaza lote epoksi, yaani gundi ya majimaji inayoganda, iliyokorogwa na unga wa msumeno, akaiacha ikauke na kuwa ngumu, kisha akatoboa upya katikati tundu la kipimo sahihi. Kwa hiyo bomba linapita ndani ya pete ya epoksi na haligusi mbao kabisa. Ndivyo wanavyofanya pia wanapopitisha bomba kwenye ubavu wa boti. Pembe za ndani nazo walizijaza uji huo huo na kuzisawazisha kwa mgongo wa kijiko mpaka zikawa mviringo, ili kitambaa cha faiba kilale bila kukunjika na kuacha hewa chini yake.

Karakana ina resini za aina mbili, poliesta na epoksi, na mteja huulizwa anataka ipi. Poliesta ni nafuu na ndiyo inayotumika sana kuziba boti za faiba, lakini kwa tangi la mbao ninashauri mtu ajinyime mahali pengine alipie epoksi, kwa kuwa hushika mbao vizuri zaidi. Walikataa pia kupaka wakati wa masika, jambo lililochelewesha kazi na ambalo ninawapongeza kwalo. Epoksi ikikaukia kwenye hewa nzito ya unyevu hutoa utando wa mafuta juu, na tabaka linalofuata halishiki. Hata mvua zilipokwisha, waliosha kila tabaka kwa maji na kulipiga msasa kabla ya kupaka jingine.

Upungufu ulikuwa kwenye kioo. Katika boti maji yako nje, kwa hiyo dirisha hupachikwa kwa nje ili bahari ilikandamize kwenye fremu. Katika tangi mambo hugeuka, na kioo lazima kilazwe kwa ndani. Hilo walikubali tulipozungumza, lakini wakakibana kioo cha milimita 12 kwa nguvu nyingi mno hata silikoni, ile gundi laini ya kuziba kioo, karibu yote ikatoka pembeni, na maji ya kwanza yakaanza kudondoka kwenye pembe ya chini. Fundi wa vioo wa mjini alikibandua, akaweka vipande vidogo vya kuachanisha vya milimita 3, akajaza silikoni upya na kuiacha wiki nzima. Alitumia ile inayonukia siki, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Ile ya bafuni yenye dawa inaweza kuwadhuru samaki. Tangu hapo pembe ile ni kavu. Hata hivyo, karakana ilipaswa kuchangia gharama ya kurudia kazi, na haikuchangia.

Anayeishi ghorofani Mji Mkongwe, kwenye dari zinazoshikiliwa na boriti za mikoko, ninamwomba asifikirie kabisa chombo cha uzito huu. Langu liko chini, juu ya sakafu ya zege, na linajazwa maji ya kisima. Maji yetu hupita kwenye mawe ya matumbawe na huwa magumu, hali inayowafaa sana samaki wa Ziwa Tanganyika ninaowafuga.

Atakayewaendea mafundi hawa awaombe wamkabidhi sanduku likiwa limepakwa na kutobolewa tu, apatane bei ya kazi hiyo pekee, na afike kabla ya mwezi wa Machi. Kioo akipime baada ya epoksi kukauka, kwa sababu tabaka za faiba hupunguza nafasi ya ndani.