Fundi umeme aliyechomoa betri injini ikinguruma (Tabora)

Bei nitaitaja baadaye, hasira ikipoa. Kwanza hili: fundi umeme wa gereji hii alichomoa kichwa cha hasi cha betri huku injini inanguruma. Simu sikioni, hajapima chochote. Injini ikakohoa, ikazima. "Umeona, dada? Altaneta imekufa. Laki mbili na nusu, ya mtumba kutoka Japani." Nilipomwonyesha multimita yangu akasema, "Hiyo kapimie redio." Ilikuwa mwezi uliopita au ule wa kabla yake, maembe yalikuwa bado mabichi.

Jamani, kuchomoa betri si kipimo. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa altaneta, kile kifaa kinachoichaji injini ikiwaka. Ukiikata ghafla wakati chaji inaingia, volti zinaruka kwa kufumba na kufumbua na zinaweza kupita 40, wakati kontrol boksi, kompyuta ya gari, imezoea 14 na ushei. Magari ya kabureta yalikuwa yanasamehe, haya ya leo hayasamehe. Na jibu lenyewe ni la uongo: hata altaneta nzima inaweza kushindwa kuibeba injini peke yake ikiwa kwenye sailensi, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, na taa zimewashwa.

Vipimo vya kweli havimalizi dakika kumi. Multimita iwe kwenye volti za DC, 20. Gari likiwa limelala usiku kucha, 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 iko kama nusu, chini ya 12 ichaji kwanza, la sivyo utakuwa unapima njaa. Washa injini: kwenye betri itoke 13.8 hadi 14.5. Yangu ilitoa 12.9, na hapo ndipo mafundi wengi wanapoishia, wanataja altaneta. Usiishie hapo. Ncha nyekundu iguse boliti nene ya nyuma ya altaneta, nyeusi iguse ganda la altaneta yenyewe. Mtandio na mikono mbali na mkanda, na boliti ile isikutanishwe na bodi hata kwa bahati mbaya. Nikapata 14.4. Altaneta iliyokufa haitoi 14.4, hata fundi anune vipi.

Basi volti 1.5 zimepotelea njiani. Ncha nyeusi kwenye nguzo ya hasi ya betri, nguzo yenyewe si kibanio chake, nyekundu kwenye chuma kitupu cha injini, taa kubwa na feni vimewashwa: -1.4. Alama ya kutoa isikutishe, inaonyesha tu umeme unakoelekea; ukipiga stata inageuka. Kinachoruhusiwa hapo ni 0.2 kushuka chini. Upande wa chanya, kutoka boliti ya altaneta hadi nguzo ya chanya, ulipoteza 0.1 tu.

Mgonjwa ni waya wa ethi, ule unaotoka hasi ya betri kwenda kwenye injini. Kwa nje mweusi, mzuri, ungeapa ni mzima. Ukiukunja karibu na kibanio unasikia unga unasagika ndani. Nilipochana plastiki, shaba ilikuwa ya kijani na nyuzi zilizobaki nazihesabu. Kiangazi cha Tabora maji ya betri yanakauka, tunajaza kupita mstari, betri ikichaji inatema tindikali juu ya kichwa cha waya, nayo inatambaa ndani kimyakimya.

Dawa: fungua hasi kwanza kwa spana namba 10, na iwe ya mwisho kurudi. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, cheche zake utazikumbuka. Nunua waya wa milimita 25 za mraba, nusu mita ilinitosha, na vichwa viwili vya shaba. Kusokota na kuzungushia solotepu usithubutu, stata inavuta zaidi ya ampea 100. Ukoko mweupe uoshe kwa maji ya moto yenye kijiko cha magadi, kisha piga msasa mpaka chuma king'ae pande zote mbili. Kaza kwanza, mafuta ya mgando paka juu baadaye.

Sasa haki itendeke. Kubana vile vichwa kunataka koleo kubwa, mimi sina, nikarudi palepale. Kijana msaidizi aliitika "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi, vizuri, akabana vichwa vyote viwili kwa elfu mbili, kisha akakanyaga waya na kuvuta kila kichwa kwa nguvu zake zote. Havikutoka. Nilipofunga nyumbani, betri ilisoma 14.2 na ethi 0.05. Nilikuwa nimeshaamua kuwapa nyota tatu. Nne, kwa ajili ya yule kijana.

Kumbe bosi, yule yule fundi umeme, hajamaliza. Nilipopita tena kununua fyuzi akanidai elfu kumi ya "uchunguzi" wa siku ile. Uchunguzi gani? Wa kuchomoa? Halafu fyuzi ya redio, inayotakiwa kuwa ya 10, nyekundu, akanipa ya 30, ya kijani, eti "hiyo haitakata tena". Ndiyo, haitakata. Utaungua waya badala yake.

Nyota moja, nayo ni ya kijana. Ukienda, gari liache nyumbani, beba waya mkononi na umuulizie yeye.