Uchawi wa Hogwarts: jeni fiche au jeni tawala?

Katika hadithi za Harry Potter, Hogwarts ni shule ya wachawi, na mashabiki hujiuliza uchawi wao hurithiwaje. Nadharia ya jeni fiche, iliyofika hata kwenye jarida la Nature mwaka 2005, inasema mtoto huwa mchawi akirithi nakala mbili za jeni ya uchawi, moja kwa baba na moja kwa mama. Hermione, mwanafunzi mchawi, anaeleweka papo hapo: wazazi wake, madaktari wa meno wasio na uchawi, wamebeba nakala moja moja bila kujua. Lakini Filch je, yule mtunzaji wa Hogwarts aliyezaliwa na wachawi lakini hana uchawi? Wachawi wawili hawangeweza kumzaa mtoto asiye na uchawi.

Kwa jeni tawala, nakala moja inatosha. Wazazi wachawi wenye nakala moja moja wana nafasi 1 kati ya 4 ya kumpata Filch. Voldemort, mchawi mwovu wa hadithi, naye hana utata, kwani mama yake alikuwa mchawi na baba hakuwa. Hermione ndiye anayekwama, labda jeni ibadilike upya.

Kwa hesabu, naona ya pili ina nguvu zaidi. Hata hivyo, moyo wangu uko kwa ya kwanza. Humo Hermione ana nakala mbili zilezile alizonazo Malfoy, mwanafunzi wa ukoo wa wachawi watupu, huyo anayemtukana kuwa damu yake ni chafu.