Mashine ya presha yenye kitufe cha "kufundisha moyo"

Nimeinunua Kariakoo kwa shilingi 210,000, na ya kawaida ilikuwa hapo hapo kwa 70,000. Kijana wa duka akanieleza tofauti: "Mama, hii inaufundisha moyo. Shambulio likija, umeshazoea." Nikacheka, kisha nikalipa. Miaka 26 ya unesi na bado nauziwa.

Kwa kupima presha sina neno. Nimeilinganisha na ile yangu ya zebaki, zikapishana kwa 3 tu. Tarakimu zinasomeka bila miwani, na mkanda unamtosha mume wangu mwenye mkono kama mgomba.

Sasa hicho kitufe. Kinajaza mkanda hadi 200, kinabana dakika 5, kinaachia dakika 5, mara nne. Betri zinaliwa, vidole vinageuka rangi. Mzee alivumilia raundi mbili, akauvua: "Bora nife na moyo mjinga."

Yule kijana hakutunga, lakini. Mwaka 1986 watafiti wa Marekani waliubana mshipa wa damu wa moyo wa mbwa dakika 5 mara nne, ndipo wakaubana dakika 40. Sehemu iliyokufa ikawa kama robo tu ya ile ya mbwa wasioandaliwa. Baadaye ikaonekana hata kubana mguu au mkono huukinga moyo, na habari hupelekwa kwa damu na kwa neva pia: wanyama wakikatwa neva ya vagasi, ile ndefu inayotoka kwenye ubongo hadi moyoni, kinga inatoweka. Neva hiyo haiishii kwenye msuli wa moyo moja kwa moja. Inakabidhi ujumbe kwa vifundo vya neva vya moyo wenyewe, vilivyojificha kwenye mafuta ya juu yake, hasa karibu na vyumba vya juu. Mafuta yale yale tuliyokuwa tukiyaona upasuaji bila kuyajali!

Ila mbwa si mzee wangu. Mwaka 2019 yalitoka majibu ya wagonjwa zaidi ya 5,000 wa shambulio la moyo huko Ulaya: waliobanwa mkono na wasiobanwa, vifo na moyo kushindwa kazi baada ya mwaka vilikuwa sawasawa. Tena mzee ana sukari, neva za vidole zimeshachakaa. Huo ujumbe utapita wapi?

Nyota tatu, zote za kupima presha. Na wewe kijana, kama unasoma hapa, 140,000 yangu naifuata Jumamosi.