Vijana wa bustani walionifunikia uwani, Mabatini: nyota nne, si tano

Mpangaji aliyenitangulia alikuwa fundi chubwi, vile vizito vya nyavu. Uwani ndiko alikokuwa akivunja betri za magari, anayeyusha risasi (ile metali yenye sumu, si ya bunduki), anawauzia wavuvi. Nami sina hili wala lile, nikapanda mchicha palepale. Mjukuu anatambaa, na kila kilichoko chini kinaishia mdomoni. Nilipopeleka udongo maabara, kila kilo moja ilikutwa na miligramu 700 na ushee za risasi. Marekani, tangu 2024, kwenye makazi wanaanza kushtuka ikifika 200.

Nikawaita hawa vijana wanaopanda ukoka majumbani. Nilitaka wachimbe udongo wote wakautupe. Mkubwa wao akaniuliza, "Mayu, tukamtupie nani?" Nikakosa jibu. Risasi haiozi, haiungui. Na kwa mteremko wetu huu, rundo likiachwa wazi, mvua moja tu inalishusha kwa jirani na kulisogeza ziwani.

Basi wakalowesha uwani mzima, wakatandika viroba vitupu ili atakayechimba kesho ajue mpaka uko wapi, wakashusha Fuso moja ya udongo safi kutoka Usagara. Unene shubiri nzima, juu ukoka. Pale penyewe palipokuwa na jiko la kuyeyushia wakamwaga zege. Upande wa chini wamepanga mawe ya kuzuia udongo usitembee. Kwa mawe, Mwanza hatujawahi kulala njaa. Mchicha sasa uko kwenye viroba vyenye udongo wake na samadi.

Nyota moja nimeinyima kwa sababu ya siku ya kwanza. Kabla hata maji hayajafika, mdogo wao alishika fagio la chelewa akafagia pakavu. Vumbi lote likaingia jikoni, likatua kwenye dagaa wangu. Nilimwaga sinia zima, nikapiga deki nyumba mara mbili kwa tambara bichi. Jioni nikawasimamia mpaka wakaosha mabuti bombani, maana nao wana watoto nyumbani.

Laki nne na nusu, Fuso ikiwemo, nimelipa kwa awamu mbili. Damu ya mtoto tumepeleka kupimwa. Hiyo si kazi yao.

Ukoka umeshika kote isipokuwa chini ya mwembe, penye kivuli. Walisema watarudi Jumamosi kuparudia. Leo Jumatano ya pili, nimepafunika turubai na mtoto hapasogelei.