Tomatiyo za rangi tatu: ipi ya kikaango, ipi ya kachumbari

Mwaka juzi nilipanda mche mmoja tu wa tomatiyo, tunda la Meksiko la jamii ya nyanya linalokua ndani ya ganda jembamba kama karatasi, hapa Columbus, Ohio. Ukanifika kiunoni, ukajaa maua ya njano, nyuki wakashinda humo, na sikuvuna hata tunda moja. Maua yote yalipukutika. Jirani yangu, mama wa Kimeksiko, ndiye aliyeniambia: hii si kama nyanya, chavua yake haiurutubishi mche uleule, lazima uwe na mwenzake. Pakiti ya mbegu haikusema hilo popote, na mpaka leo linaniuma, maana nilipoteza msimu mzima.

Mwaka jana nikasia aina tatu ndani ya nyumba, mwishoni mwa Machi: Toma Verde ya kijani, Purple de Milpa ya zambarau na Amarylla ya njano. Baridi ilipokwisha katikati ya Mei nikahamishia nje, miche miwili miwili, nikiachanisha mita moja. Bila nguzo, matawi yanalala chini.

Ya kijani ndiyo mpenzi wangu. Chuma tunda likishalijaza ganda lake la karatasi hadi linapasuka. Likiwa bado linacheza ndani, liache. Ukimenya, vidole vinanata, kwa hiyo lioshe kwa maji ya uvuguvugu. Mimi nazibabua kwenye kikaango kikavu mpaka ngozi ipate madoa meusi, halafu nasaga na pilipili, kitunguu, giligilani na chumvi. Ukali wake ni safi kabisa. Nikimwagia samaki wa kukaanga, siulizi ndimu wala ukwaju.

Ya zambarau inataka jua. Matunda yaliyojificha chini ya majani yalibaki kijani, na hata yaliyoiva vizuri, mengi ukiyakata ndani ni kijani. Nilipoyapika, sosi ikawa na rangi ya tope. Tangu hapo nayakata mabichi kwenye kachumbari, yana utamu kidogo na yanapendeza sahanini.

Ya njano ni laini na tamu. Wanangu waliimaliza wakiwa wamesimama palepale bustanini. Kwa sosi imepooza mno, labda jamu.

Mwaka huu nanunua mbegu za kijani na zambarau tena. Matunda yaliyoanguka yameota yenyewe kila kona, lakini nyuki walishachanganya chavua, kwa hiyo rangi zake nitazijua Agosti.