Nilienda kuchuliwa mguu, fizio akakataa kuchua (uzoefu wangu)

Jamani naomba niwaeleze hii kliniki ya fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo) niliyoenda huku Tabata mwezi wa tatu, maana hadi leo nikikumbuka namshukuru Mungu. Kifupi nilienda na hela yangu nichuliwe kigimbi, nikaondoka sijachuliwa hata kidogo, na sijawahi kulipia huduma nzuri kama ile.

Ilikuwaje. Mwezi wa kwanza nilianguka na boda, kifundo cha mguu wa kushoto kikavunjika, nikafungwa hogo (ile plasta ngumu ya mfupa uliovunjika) wiki sita. Lilivyotolewa nikaambiwa tu nenda kafanye mazoezi, basi, hakuna aliyeniambia ukiona hiki au kile wahi hospitali. Siku ya nne tukapata msiba Mbeya, nikapanda basi kwenda na kurudi, yaani kutwa nzima umekaa mguu unaning'inia tu. Kurudi Dar kigimbi kinauma, kimejaa, kina joto. Mi nkajua msuli ulilala kwenye hogo sasa umekaza. Duka la dawa nikapewa diclofenac ya maumivu na dawa ya kupaka, afu nikaenda sehemu wanafanya masaji, yule mtu hakuniuliza swali hata moja, alimimina mafuta akaanza kunikandamiza na kiwiko mpaka machozi yakanitoka. Usiku ule mguu ndo ukazidi kabisa, soksi haiingii.

Ndo shoga yangu akanipeleka hapo kliniki. Foleni nilikaa karibu saa nzima, na bima yangu haikupita, hayo niwaambie kabisa mjiandae. Ila ukiingia ndani dada wa watu ana utulivu, hakukimbilia kushika mguu. Alianza kuuliza. Uliumia ghafla kama kitu kimekatika au kimekuja taratibu? Ukitembea ndo kinauma ukisimama kinaacha, au kinauma muda wote? Una ganzi, maumivu yanaanzia kiunoni? Umepata homa? Umesafiri? Ulishawahi kuganda damu, kwenye familia je, una kansa unatibiwa? Afu akaniuliza dada yangu unatumia vidonge vya majira? Nikashtuka, mguu na majira wapi na wapi, nikasema ndio, vile vyenye homoni mbili. Akaandika. Akauliza tena kama napumua vizuri, kifua hakichomi nikivuta pumzi, sijakohoa damu. Hapo nikaanza kuogopa.

Kupima kwenyewe alitumia futikamba kama ya fundi cherehani tu. Alishuka sentimita 10 kutoka kile kifupa kinachotokeza chini ya goti akazungusha mguu wa kulia, 35, wa kushoto 39. Akabonyeza ugoko kwa kidole gumba pakabaki shimo. Akapapasa taratibu nyuma kufuata mshipa, napo panauma. Alitafuta mapigo juu ya unyayo yapo, akanilaza kifudifudi akabana kigimbi kidogo sana kuangalia kama unyayo unacheza, kwamba ile kano ya kisigino haijakatika, akaangalia nyuma ya goti kama kuna uvimbe wa maji, akaangalia ngozi kama kuna kidonda au wekundu wa maambukizi. Nikamuuliza mbona hukunji unyayo kwenda juu, maana shoga yangu aliniambia damu ikiganda ndo wanavyopima, akasema kile kipimo hakiaminiki, unaweza kuwa na tatizo kisiume na kikauma huna tatizo.

Akakaa akanielezea vizuri kwa Kiswahili. Kwamba kuna hesabu wanaitumia inaitwa Wells, hogo alama moja, kuuma kwenye mshipa moja, tofauti ya zaidi ya sentimita 3 moja, kubonyea shimo moja, nina 4, na hakuna ugonjwa mwingine unaoelezea mguu wangu vizuri kama huo, na ukifika 2 tu wanahesabu inawezekana kabisa damu imeganda kwenye mshipa wa ndani. Safari na majira havimo kwenye hesabu yenyewe ila vinaongeza hatari. Akasema leo sikuchui, na asikuchue mtu yeyote, bonge la damu likichomoka linaenda kwenye mapafu. Nilimbembeleza jamani, nilikuwa na maumivu, nikamwambia hata kidogo tu, akakataa katakata. Akaandika barua yenye vipimo vyote, akapiga simu hospitali mbele yangu, akahakikisha nimepanda bajaji na shoga yangu.

Hospitali nikapigwa Doppler, ile ultrasound ya mishipa ya damu, ikaonyesha bonge kwenye mshipa wa nyuma ya goti. Nikaanzishiwa rivaroxaban, dawa ya kuzuia damu kuganda, miligramu 15 mara mbili kwa siku pamoja na chakula, siku 21, halafu 20 mara moja, jumla miezi mitatu. Diclofenac nikaambiwa niache siku hiyo hiyo maana ukichanganya na dawa hiyo unaweza kutoka damu ndani, na majira nikabadilishiwa njia.

Mi kwakweli kinachoniuma ni kwamba watu wawili walinihudumia kabla ya huyu dada, wa duka la dawa na wa masaji, na wote waliona mguu uliovimba, ila hakuna aliyeuliza ulikuwa na hogo? Huyu hakuwa na mashine yoyote ya ajabu, alikuwa na maswali na futikamba. Kwa hiyo ukienda kwa fizio akakuuliza mambo ya ndani, jasho la usiku, kupungua uzito, haja ndogo, usimkasirikie, mjibu kila kitu.

Dawa nimemaliza, sa hivi naenda kwake mara mbili kwa wiki kwa ajili ya kifundo. Kila nikifika kabla ya zoezi lolote anapima kwanza vigimbi vyote viwili. Jumanne iliyopita tofauti ilikuwa sentimita moja.